Kosa Lililoandikwa: Historia ya Upandikizaji wa Ini na Ukimya wa Hospitali Zetu

Shangazi yangu alifariki siku ya nne baada ya upasuaji ulioitwa wa kawaida. Alikwenda kuondolewa mawe katika kifuko cha nyongo. Siku ya kwanza alizungumza nasi vizuri. Siku ya pili alilalamika kwamba tumbo limejaa. Siku ya tatu macho yake yakawa ya manjano, na alfajiri ya siku ya nne tukapigiwa simu. Hospitali siitaji, kwani jina lake halibadilishi hoja yangu. Karatasi tuliyopewa ilitaja sababu ya kifo kuwa ni moyo na mapafu kusimama. Niliisoma mara kadhaa nikiwa nimesimama kwenye korido. Ilikuwa imetueleza kwamba marehemu amefariki kwa sababu amefariki.

Tulipouliza zaidi, tuliambiwa jalada lake limepelekwa ofisini. Tulipokwenda ofisini, tuliambiwa lipo wodini. Mzee mmoja wa ukoo akatushika mkono na kutukumbusha kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Tukaondoka, tukazika.

Kazi ya Mungu haina makosa, naam. Lakini kazi ya binadamu inayo, na upasuaji ni kazi ya binadamu. Mimi si tabibu, nafundisha historia. Siwezi kusema ni nini kilitokea ndani ya tumbo la shangazi, wala sina haki ya kumhukumu daktari ambaye huenda alifanya kila alichoweza usiku ule. Ninachoweza ni kuuliza swali la mwanahistoria: jamii nyingine zilifanya nini na vifo vilivyotokea mikononi mwa waganga wao? Ziliviandika, au zilivizika pamoja na maiti?

Swali hilo lilinipeleka kwenye historia ya upandikizaji wa ini. Nilidhani nitakuta simulizi ya ushindi. Nilikuta daftari la vifo.

Kabla ya kulifungua, tuanze Vienna. Katika miaka ya 1840, hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao. Ya pili ilihudumiwa na wakunga. Mwaka 1846, zaidi ya asilimia 11 ya wanawake waliojifungua katika wodi ya kwanza walikufa, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika wodi ya pili walikufa chini ya asilimia 3. Wanawake wa mjini walilijua hilo bila takwimu, na walikuwa wakiomba kwa machozi wasilazwe wodi ya kwanza.

Ignaz Semmelweis, daktari kijana mzaliwa wa Hungaria, alizilinganisha hesabu hizo hadi zikamkosesha usingizi. Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikatwa kidole kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa maradhi yaliyofanana na ya wale wazazi. Hapo Semmelweis akang'amua jambo zito: madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mauti yalikuwa yakisafiri kwenye vidole vya wasomi. Mei mwaka huo aliagiza kila mmoja anawe kwa maji yenye klorini. Aprili vifo vilikuwa vimezidi asilimia 18. Kufikia Julai vilishuka hadi karibu asilimia 1.

Lakini mkataba wake haukuendelezwa mwaka 1849. Wakubwa wake hawakuwa tayari kukubali kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua. Yeye naye alichelewa mno kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, kikiwa kimejaa hasira. Mwaka 1865 alifariki katika hospitali ya vichaa. Alikuwa amehesabu kwa usahihi, ila hakupata mtu wa kuipokea hesabu yake.

Miongo mitano baadaye, Boston nchini Marekani ilimpata mhesabuji mwingine. Ernest Codman, daktari mpasuaji, alishikilia wazo jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: hospitali imfuatilie kila mgonjwa muda mrefu wa kutosha kujua kama matibabu yalimsaidia, na kama hayakumsaidia, iseme ni kwa nini. Hospitali kubwa aliyofanyia kazi haikulikubali. Akafungua yake ndogo mwaka 1911. Kati ya mwaka huo na 1916 aliwaruhusu wagonjwa 337, akaorodhesha makosa 123 yaliyofanyika katika kuwatibu, kisha akayachapisha. Mengine aliyaandika wazi kuwa ni yake.

Januari 1915, mbele ya mkutano wa madaktari, Codman alifunua katuni ya mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akiwarushia matabibu mayai ya dhahabu. Matajiri wa mji walikuwa huyo mbuni. Madaktari walikuwa waokota mayai. Mkutano ulichafuka. Alipoteza uenyekiti wa chama chake cha wapasuaji na nafasi yake ya kufundisha Harvard. Alifariki mwaka 1940, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe la jina. Jiwe lilikuja kuwekwa mwaka 2014, wakati hospitali duniani kote zilikuwa zikijidai kufuata mawazo yake.

Sasa tulifungue daftari. Tarehe 1 Machi 1963, katika mji wa Denver, jimbo la Colorado, Thomas Starzl na timu yake walijaribu kumpandikizia binadamu ini kwa mara ya kwanza. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa bila mirija kamili ya nyongo. Kwa miaka kadhaa timu hiyo ilikuwa imefanya upasuaji huo kwa mbwa. Mbwa wale, hata hivyo, walikuwa na maini mazima. Ini lililougua la mtoto yule lilikuwa limezungukwa na mishipa iliyovimba na makovu ya upasuaji wa zamani, na damu yake haikuganda. Alivuja damu hadi akafa juu ya meza, kabla ya upasuaji kukamilika.

Mwezi Mei walijaribu tena, kwa mtu mzima mwenye saratani ya ini. Safari hii walijiandaa dhidi ya adui wa kwanza: walimpa mgonjwa vitu vya kuifanya damu igande. Damu haikuwashinda tena. Upasuaji ulikamilika, ini jipya likafanya kazi, na matumaini yakapanda. Baada ya siku 22 mgonjwa akafa. Mabonge ya damu yalikuwa yamesafiri hadi kwenye mapafu. Wagonjwa waliofuata mwaka huo nao hawakudumu.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Wakati wa kubadilisha ini, damu inayotoka sehemu ya chini ya mwili huzuiwa njia yake. Ili isirundikane, timu ile iliipitisha nje ya mwili kwa mrija wa plastiki kuelekea moyoni. Ndani ya mrija huo, damu ambayo sasa ilikuwa imeimarishwa ili igande iliganda kweli, na mabonge yakaelekea mapafuni. Dawa iliyotolewa kuzuia kifo cha kwanza ilikuwa imeandaa kifo cha pili.

Hilo wangelijuaje? Wangelijua kwa kuwapasua marehemu na kutazama, kwa kuandika walichokiona, na kwa kuwaonesha wengine. Kabla ya mwaka 1963 kwisha, Starzl na wenzake, akiwemo mkuu wa idara yao ya upasuaji, William Waddell, na mtaalamu wa damu, Kurt von Kaulla, walichapisha katika jarida la upasuaji taarifa ya wagonjwa wao wa kwanza. Wote walikuwa wamekufa. Jaribio lililofanyika Boston mwaka huo huo na jingine la Paris mwanzoni mwa 1964 nayo yaliishia kifoni. Basi wakafanya jambo lisilo la kawaida kwa watu wenye sifa ya kutafuta: wakasimama. Kwa takribani miaka mitatu hawakumpandikizia mtu ini. Walirudi maabara.

Waliporejea mwaka 1967 walikuwa na ujuzi zaidi wa kuutuliza mwili usilikatae ini geni. Julai mwaka huo walimpandikizia mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi, mwenye saratani ya ini. Aliishi zaidi ya mwaka mmoja kabla saratani haijamrudia na kumwua. Mei 1968 Roy Calne alianza kazi hiyo Cambridge, Uingereza. Hata hivyo, mwisho wa miaka ya 1970 ulipofika, takribani theluthi moja tu ya wagonjwa wa Denver ndio waliokuwa wamemaliza mwaka mmoja baada ya upasuaji. Nyongo ilivuja pale mirija ilipounganishwa. Mshipa unaopeleka damu kwenye ini uliziba. Na dawa zilezile zilizouzuia mwili kulikataa ini ziliuzuia pia kupambana na vijidudu, hata fangasi wa kawaida akawa muuaji.

Ndipo ikaja siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu. Calne aliijaribu kwa wagonjwa wa figo mwaka 1978. Matokeo yalikuwa mazuri, na mtu mwingine angeweza kutangaza mazuri hayo peke yake. Yeye na wenzake waliandika pia kwamba dawa hiyo ilidhuru figo na kwamba baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe wa saratani ya tezi. Kwa sababu madhara yaliandikwa mapema, waliofuata walijua kupunguza kipimo na kuichanganya na dawa nyingine. Starzl aliitumia pamoja na steroidi kuanzia mwaka 1980, na wanaomaliza mwaka mmoja wakafikia takribani asilimia 70. Juni 1983, mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za afya za serikali ya Marekani ulitamka kwamba kupandikiza ini si jaribio tena, ni tiba. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu yule mtoto wa Denver.

Simsimulii Starzl kama shujaa asiye na doa. Wakosoaji wa wakati ule waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kama mzazi wa mtoto anayekufa anaweza kweli kukataa anachoombwa na daktari. Maendeleo haya yamesimama juu ya makaburi ya watu ambao hawakufaidika nayo. Lakini tofauti kati ya makaburi hayo na la shangazi yangu ni hii: yale yalimfundisha mtu kitu. Mgonjwa wa tatu alipolala mezani, kifo cha wa kwanza na cha wa pili vilikuwa chumbani pamoja naye, vikiwaonya waliokuwa wameshika visu.

Kwa nini basi Denver ilifaulu pale ambapo Vienna na Boston zilishindwa? Wote watatu walihesabu. Ila Semmelweis alihesabu peke yake, chini ya wakubwa waliojiona wameshtakiwa. Codman alihesabu peke yake, katika mji uliofaidika na kutojua. Starzl alihesabu akiwa na mkuu wa idara aliyeweka sahihi yake kwenye taarifa ya vifo, na akiwa na wenzake wa Boston, Paris na Cambridge waliosoma kilichoandikwa na kujibu kwa kazi yao. Hesabu ya makosa inahitaji mtu wa kuipokea. Isipompata, humwangamiza aliyeihesabu.

Baadaye mapokezi hayo yaliwekwa katika sheria na katika lugha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 kuhusu viungo ilianzisha mtandao wa kitaifa na rejista ya wagonjwa waliopandikizwa, na leo matokeo ya kila kituo huchapishwa mahali ambapo mwananchi anaweza kuyasoma. Mwaka 1992 Pierre-Alain Clavien, mpasuaji wa ini, na wenzake walipendekeza ngazi za kupimia madhara ya upasuaji kwa kuangalia yalihitaji tiba gani. Ngazi hizo zilirekebishwa mwaka 2004. Dhara lisilohitaji dawa ya pekee liko ngazi ya kwanza. Linalomrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji liko ya tatu. Kifo ni ya tano. Neno "tatizo dogo", ambalo kila hospitali hulipenda, likapoteza maficho yake. Uwazi huo nao una gharama: kituo kinachoogopa takwimu zake kinaweza kuwakwepa wagonjwa mahututi. Hesabu yoyote inaweza kuchezewa. Lakini hesabu inayochezewa hukosolewa kwa hesabu nyingine; ukimya haukosolewi kwa chochote.

Msomaji ataniambia hayo ni ya matajiri. Tuje basi Ifakara. Mwaka 2007 na 2008 hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani, pamoja na za London, Toronto, New Delhi na kwingineko, zilizojaribu orodha ya uhakiki ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha hiyo ina vipengele 19: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, amepewa kinga ya vijidudu, vitambaa vimehesabiwa. Kabla ya kuianza, hospitali zote nane zilihesabu kwanza madhara na vifo vyao. Kwa ujumla wao, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Karatasi moja na kalamu moja. Hakuna mtambo wa mabilioni.

Lakini tusikimbilie kuchapisha fomu, ugonjwa tunaoupenda sisi watu wa ofisini. Mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichunguza hospitali 101 zilizotakiwa kuitumia orodha hiyo hiyo, na hawakuona upungufu wa maana wa vifo. Ujazaji wa fomu ulikuwa karibu kamili. Kuweka alama ya vema kwenye kisanduku ni jambo moja. Muuguzi kuthubutu kumwambia bingwa "daktari, subiri" ni jambo jingine, na la pili haliletwi na waraka.

Hapo ndipo suala la hospitali linapokuwa suala la siasa. Taifa hili lilikuwa na msamiati wa jambo hili kabla halijawa na mabingwa wa kutosha kujaza hospitali moja. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu na kukiita Tujisahihishe. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, aliandika tathmini ambamo alikiri kwamba Tanzania haikuwa bado nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea, akaeleza palipoharibika. Waweza kutokubaliana na sera zake zote na bado ukaona uzito wa kiongozi aliye madarakani kuandika taarifa ya madhara ya tiba yake mwenyewe. Leo ni taarifa ngapi za ofisi zetu zina sura yenye kichwa cha habari "Tulichokosea"? Zina "changamoto", neno lisilo na mtendaji.

Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Tulishangilia, na ilistahili. Kadiri tunavyopanda kuelekea tiba ngumu zaidi, ndivyo madhara yatakavyokuwa mengi zaidi, hata mikononi mwa mabingwa hodari. Swali ni kama tutayapokea. Tunao mwanzo mzuri: vikao vya kupitia vifo vya wajawazito na watoto wachanga, ambavyo msingi wake ni kutafuta sababu pasipo kumtafuta wa kumtoa kafara. Kwa nini msingi huo usivuke mlango wa wodi ya wazazi na kuingia wodi ya upasuaji?

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa mambo matatu. Kwanza, mtenganishe mkosaji na mzembe. Aliyekosea akasema alindwe. Aliyeficha ndiye aulizwe. Mahali ambapo wa kwanza anaadhibiwa na wa pili anapandishwa cheo, kila mtu atajifunza kuficha. Pili, ndugu wa marehemu wapewe maelezo kamili, kwa Kiswahili, na mtu aliyekuwepo. Tatu, hospitali ianze kuandika kwa mwaka ni wangapi ilipasua, wangapi walipata madhara, ya ngazi gani, na nini kilibadilishwa kwa sababu hiyo. Wanafunzi na wanaharakati nao waache kuifanya kila aibu ya hospitali kuwa karamu ya siku mbili mtandaoni. Anayewarushia mawe waliokiri makosa yao anamsaidia anayeficha yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo kinamuumbua mgonjwa peke yake. Hospitali huugua, wizara huugua, hata taifa huugua.

Mwaka jana nilipita tena katika hospitali ile kumwona jirani aliyelazwa kwa mawe ya nyongo, maradhi yale yale ya shangazi. Nilikaa pembeni mwa kitanda chake nikimtazama muuguzi akimpima joto na kuandika. Nilitaka kumuuliza kama kuna yeyote katika jengo lile anayejua kwamba mwanamke mmoja aliwahi kufa hapa siku ya nne, macho yakiwa ya manjano, na kama kuna kitu kilichobadilika tangu hapo. Sikuuliza. Jirani yangu alipona, akarudi nyumbani, tukamshukuru Mungu. Hadi leo sijui kama alipona kwa sababu walijifunza, au kwa bahati tu.